Pesa ya England na Ubingwa wa Ulaya: Nani Hasa Anashindana na Nani?

Mei 2025 Ulaya ilicheza fainali mbili zilizopishana kwa siku kumi, na kila moja ilitoa jibu lake kwa swali lile lile la pesa.

Tarehe 21 kule Bilbao, Tottenham iliifunga Manchester United bao 1-0 na kutwaa Ligi ya Europa. Msimu huo huo, kwenye Ligi Kuu ya England, Tottenham ilimaliza nafasi ya 17 na United nafasi ya 15. Tottenham ilikuwa nafasi moja tu juu ya eneo la kushuka daraja. Lakini njiani kuelekea Bilbao ilikuwa imeitoa Eintracht Frankfurt, timu iliyomaliza ya tatu Ujerumani. United nayo ilikuwa imeitoa Athletic Bilbao, ya nne Hispania, baada ya kuichapa 3-0 kwenye uwanja wake yenyewe. Kisha tarehe 31 mjini Munich, Paris Saint-Germain iliinyuka Inter Milan 5-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Hapakuwa na timu ya England uwanjani, kwa sababu PSG ilikuwa imezitoa tatu mfululizo kwenye hatua ya mtoano: Liverpool, waliomaliza msimu wakiwa mabingwa wa England, halafu Aston Villa, halafu Arsenal.

Anayesema pesa ya Waingereza imeua soka la Ulaya hukutajia fainali ya Bilbao. Anayesema pesa haichezi mpira hukutajia ya Munich. Wote wawili wana ushahidi, ila wanabishania wingi wa pesa, na kwangu hilo si kiini cha jambo. Kiini ni nani anaigawa pesa hiyo, na mgawo wake unaishia mpaka gani. England imegawana kwa haki ndani ya nyumba yake kuliko ligi zote kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo imewabana majirani kuliko ligi yoyote.

Ligi Kuu ilipoanzishwa mwaka 1992, mkataba wake wa kwanza wa televisheni ulitangazwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Kuanzia 2016, haki za ndani ya Uingereza peke yake zilifika pauni bilioni 5.1 kwa miaka mitatu. Mkataba wa ndani ulioanza 2025 ni wa pauni bilioni 6.7 kwa miaka minne. Juu ya hiyo kuna pesa ya nje, ambayo sasa imeizidi ya ndani. Humo wamo Wamarekani, watu wa Skandinavia, Asia, na sisi pia: kila king'amuzi kinacholipiwa Mwanza au Eldoret ili watu waione Arsenal au Chelsea kimo kwenye hesabu hiyo. Hakuna aliyemlazimisha mtu kulipia. Huo ni ukweli ambao wakosoaji wa utajiri wa England huuruka haraka mno. Pesa hii haikuchimbwa ardhini wala kuporwa. Imetoka kwa watazamaji walioamua wenyewe kipi kinawavutia.

Na kinachowavutia kina uhusiano mkubwa na mgawo. Nusu ya pesa ya televisheni ya ndani hugawanywa sawa kwa klabu zote 20. Robo hufuata nafasi kwenye msimamo, na robo iliyobaki hufuata idadi ya mechi za klabu zilizoonyeshwa mubashara. Msimu wa 2023/24 Manchester City, mabingwa, walipata karibu pauni milioni 176 kutoka mfuko wa ligi. Sheffield United, walioburuza mkia wakiwa na pointi 16, walipata karibu milioni 110. Bingwa hakupata hata mara mbili ya wa mwisho.

Linganisha na Hispania ya zamani. Hadi 2015 kila klabu ya La Liga iliuza haki zake yenyewe. Real Madrid na Barcelona zilikuwa zinachukua karibu euro milioni 140 kila moja kwa msimu, huku klabu za chini zikiambulia chini ya milioni 20. Hapo hapana ligi, pana timu mbili na wasindikizaji. Serikali ya Hispania ililazimika kutoa amri ya kisheria mwaka huo ili haki ziuzwe kwa pamoja, nusu igawanywe sawa, na pengo la juu na chini lipunguzwe hatua kwa hatua. Ilikuwa dawa sahihi, lakini ilikuja miaka zaidi ya ishirini baada ya Waingereza kuinywa.

Matunda ya mgawo wa England yanaonekana bila miwani. Leicester ilitwaa ubingwa 2016. Mwaka 2025 peke yake, Crystal Palace iliifunga Manchester City kwenye fainali ya Kombe la FA na kupata taji lake kubwa la kwanza, na Newcastle iliifunga Liverpool kwenye fainali ya Kombe la Ligi, taji lake la kwanza la ndani tangu 1955. Brighton, Brentford na Bournemouth ni klabu ambazo kizazi kilichopita zilihangaika madaraja ya chini na nyingine zilikaribia kufa kabisa. Leo vigogo wakienda kwenye viwanja vyao hawana uhakika wa pointi tatu. Ukitaka kujua pesa inaweza kujenga ushindani, ushahidi ni huo.

Lakini mgawo huo una ukuta, na ukuta unaanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Unaanza ndani ya England yenyewe. Timu zote tatu zilizopanda daraja 2023, Burnley, Sheffield United na Luton, zilishuka msimu uliofuata. Mwaka mmoja baadaye Leicester, Ipswich na Southampton wakapita njia ile ile, Southampton wakiwa na pointi 12 tu. Walioshuka huendelea kupokea ruzuku kutoka Ligi Kuu, asilimia 55 ya mgawo wa usawa mwaka wa kwanza, kisha 45, kisha 20 kwa waliokaa juu zaidi ya msimu mmoja. Ruzuku hiyo inawaokoa wasifilisike, na papo hapo inawapa nguvu isiyo ya haki dhidi ya wenzao wa daraja la pili ambao hawajawahi kuonja.

Nje ya England ukuta ni mrefu zaidi. Chukua Ufaransa, ambayo msiba wake nimeufuatilia kwa uchungu. Mwaka 2020 kampuni ya Mediapro ilianza mkataba wa televisheni uliokuwa uipe ligi hiyo zaidi ya euro milioni 780 kwa mwaka. Kufikia Oktoba ilikuwa imeshindwa kulipa, na Desemba mkataba ukavunjwa. Klabu zilikuwa zimeshasajili na kupandisha mishahara kwa pesa ambayo haikuja. Mwaka 2022 ligi iliuza asilimia 13 ya kampuni yake ya biashara kwa mfuko wa uwekezaji wa CVC kwa euro bilioni 1.5, pesa ya kuziba shimo leo kwa kukata mapato ya kesho. Mwaka 2024 zikapatikana euro milioni 500 kwa msimu, 400 kutoka kwa watangazaji wa DAZN na 100 kutoka kwa wale wa beIN. DAZN ikaondoka baada ya msimu mmoja, na Agosti 2025 ligi ikaanzisha chaneli yake yenyewe.

Sasa fanya hesabu ndogo. Mgawo wa Sheffield United, wale wa pointi 16, ukiuzidisha kwa nne unazidi euro milioni 500. Yaani klabu nne za mkiani England zinapata kutoka kwenye ligi yao kiasi ambacho Ufaransa nzima, klabu 18, ilikuwa inagawana kwenye mkataba huo wa 2024 kabla ya makato yoyote. Girondins de Bordeaux, mabingwa mara sita wa Ufaransa, wameshafikia daraja la nne. Uongozi mbovu ulichangia sana, sikatai, lakini klabu yenye uongozi mbovu England huwa na mto wa kuangukia ambao Bordeaux hawakuwa nao.

Kinachofuata hapo ni wachezaji kuhama, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki tumeliona jambo hili kupitia vijana wetu wenyewe.

Novemba 7, 2012, Victor Wanyama aliruka juu ya mabeki wa Barcelona pale Celtic Park na kufunga kwa kichwa. Celtic ya Scotland ilishinda 2-1 dhidi ya timu ya Messi, Xavi na Iniesta. Miezi minane baadaye Wanyama aliondoka. Hakwenda Barcelona wala Bayern. Alikwenda Southampton kwa pauni milioni 12.5, timu iliyokuwa imetoka kumaliza ya 14 England na ambayo haikuwa na mashindano yoyote ya Ulaya. Celtic, bingwa wa Ulaya wa 1967, klabu iliyokuwa inarudi Ligi ya Mabingwa msimu ule ule, haikuweza kumshikilia kiungo wake mbele ya timu ya katikati ya msimamo wa jirani. Miaka miwili baadaye Virgil van Dijk akapita njia ile ile, Celtic kwenda Southampton, kabla ya Liverpool kumnunua Januari 2018 kwa pauni milioni 75.

Mbwana Samatta naye. Mwaka 2019 alikuwa mshambuliaji tegemeo wa Genk iliyotwaa ubingwa wa Ubelgiji. Novemba mwaka huo aliifungia Genk bao pale Anfield, kwenye Ligi ya Mabingwa. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, akiwa na Aston Villa iliyokuwa inapigania kutoshuka na ambayo ilimaliza ya 17. Tulisherehekea, na tulikuwa na haki kabisa ya kusherehekea. Alifunga hadi kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Lakini ukilitazama lile jambo kama mtu wa Genk, uliona bingwa wa nchi akimpoteza mfungaji wake katikati ya msimu kwa timu inayonusa kushuka daraja.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa majuzi. Bayer Leverkusen ilitwaa ubingwa wa Ujerumani 2024 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, na kukatisha miaka 11 mfululizo ya Bayern. Ilikuwa kazi ya mpira mzuri na usajili wa akili. Msimu mmoja ulipita. Kufikia kiangazi cha 2025, kocha Xabi Alonso alikuwa Real Madrid. Jonathan Tah alikuwa Bayern. Jeremie Frimpong na Florian Wirtz walikuwa Liverpool, Wirtz kwa pauni milioni 100 na nyongeza zinazoweza kufikisha 116. Na Granit Xhaka, injini ya kiungo cha timu ile, alikwenda Sunderland. Sunderland ilikuwa imepanda daraja mwezi Mei, na hadi 2022 ilikuwa inacheza daraja la tatu. Kiangazi hicho klabu za Ligi Kuu kwa jumla zilitumia zaidi ya pauni bilioni 3 kusajili.

Mtetezi wa mfumo huu atajibu hapa, na jibu lake lina uzito. Atasema pesa ile haikupotea, ilikwenda Leverkusen. Ajax iliuza Frenkie de Jong na Matthijs de Ligt 2019 kwa euro milioni 75 kila mmoja. Benfica iliuza João Félix mwaka huo huo kwa euro milioni 126, na Januari 2023 ikamuuza Enzo Fernández kwa Chelsea kwa zaidi ya pauni milioni 100, miezi michache tu baada ya kumsajili. Klabu hizi zimejenga shule za soka na mitandao ya kusaka vipaji kwa pesa ya wanaonunua. Bila England kununua kwa fujo, nusu ya soka la Ureno, Uholanzi na Ubelgiji ingekuwa hoi. Na mchezaji mwenyewe anapata mshahara wa kubadilisha maisha ya ukoo mzima. Nani atamwambia Samatta abaki Genk kwa ajili ya usawa wa Ulaya?

Nakubali yote hayo. Ila tazama kilichotokea Ajax. Mei 2019 walikuwa sekunde chache kufika fainali ya Ligi ya Mabingwa, hadi Lucas Moura wa Tottenham alipofunga bao lake la tatu dakika ya 96. Timu ile ilikuwa ya vijana, ingeweza kukua pamoja kwa miaka mitatu zaidi. Ilivunjwa kiangazi hicho hicho, na wengine wakafuata mwaka uliofuata. Pesa walizopata zingeweza kununua wachezaji wengine, lakini hazikuweza kununua muda wa kukaa nao. Ajax imekuwa kitalu: miche inaoteshwa pale, matunda yanachumwa kwingine. Kitalu kinaweza kuwa biashara nzuri sana, lakini kitalu hakibebi Kombe la Ulaya.

Historia inaonyesha hivyo waziwazi. Katika miaka kumi kati ya 1986 na 1995, kombe hilo lilikwenda Bucharest, Porto, Eindhoven, Belgrade na Amsterdam, pamoja na Marseille. Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ikatoa hukumu ya kesi ya Bosman: mchezaji aliyemaliza mkataba yuko huru, na ukomo wa idadi ya wageni kutoka nchi za Umoja wa Ulaya hauna uhalali. Kwa haki ya mfanyakazi, hukumu ile ilikuwa sahihi. Kabla yake klabu ilikuwa inamshikilia mtu hata baada ya mkataba kuisha. Lakini ilibomoa ngome pekee iliyozisaidia klabu za nchi ndogo kubaki na wachezaji wao. Miaka ile ile Ligi ya Mabingwa ikapanuliwa ili nchi kubwa ziingize timu tatu hadi nne. Porto ya 2004 ndiyo ya mwisho kutoka nje ya ligi tano kubwa kulitwaa kombe hilo. Tangu fainali ile ya Gelsenkirchen dhidi ya Monaco, hakuna hata timu moja ya nje ya ligi hizo iliyofika fainali.

Sasa tuiendee Munich. Kama pesa ya England inatawala, kwa nini haitwai kombe kubwa kila mwaka? Kuanzia 2014 hadi 2025 Real Madrid imelichukua mara sita. England yote, kwa utajiri wake wote, imelichukua mara tatu: Liverpool 2019, Chelsea 2021, Manchester City 2023. Manchester United haijatwaa ubingwa wa England tangu 2013 pamoja na matumizi yake ya kutisha. Chelsea chini ya wamiliki wapya ilimwaga mamia ya mamilioni na kumaliza ya 12 msimu wa 2022/23. Upande wa pili, Villarreal, klabu ya mji wa watu wapatao elfu 50, iliifunga United kwenye fainali ya Ligi ya Europa 2021, na Atalanta ya Bergamo ikaichapa Leverkusen 3-0 kwenye fainali ya 2024, kipigo pekee cha Leverkusen msimu ule. Bodø/Glimt, kutoka kaskazini ya Norway ndani ya duara la Aktiki, walifika nusu fainali 2025. Akili, kocha na mpango bado vina nafasi.

Hata hivyo, tuangalie nani hasa anaizuia England kileleni. Real Madrid ndiyo klabu ya kwanza duniani kuvuka mapato ya euro bilioni moja kwa msimu. PSG inamilikiwa na Qatar tangu 2011 na ilimlipia Neymar euro milioni 222 mwaka 2017, rekodi ambayo haijafikiwa hadi leo. Ni kweli PSG iliyoshinda Munich ilikuwa timu ya vijana na nidhamu, baada ya Messi, Neymar na Mbappé kuondoka, na Luis Enrique anastahili sifa zote. Lakini uwezo wa kukosea kwa miaka 14, kufukuza makocha na kuanza upya bila kuogopa deni, huo nao ni pesa. Kileleni, basi, pesa ya televisheni ya England inapambana na pesa ya jina kubwa na pesa ya serikali. Maskini hayumo kwenye pambano hilo. Yuko hatua moja chini, kwenye njia ya kwenda Bilbao, anatolewa na timu ya 17.

Mtu anaweza kudhani dawa ni kuwafungia milango matajiri wa nje, kama Wajerumani. Kanuni yao ya 50+1, iliyoanza 1998, inataka wanachama wa klabu wabaki na kura nyingi. Naiheshimu sana kanuni hii. Ndiyo inayofanya jukwaa la kusini la Dortmund lijae watu karibu elfu 25 wakiwa wamesimama, kwa tiketi ambazo mtu wa kawaida anaweza kulipa. Februari 2024 mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki hadi ligi ikaachana na mpango wa kuingiza mwekezaji wa nje. Lakini kanuni hiyo haikuleta usawa. Bayern ilitwaa mataji 11 mfululizo chini yake, bila sheikh wala bilionea, kwa mapato ya jina lake na ya Ligi ya Mabingwa ya kila mwaka. Na aliyekuja kuuvunja ufalme huo, Leverkusen, ni moja ya klabu chache zilizosamehewa kanuni, kwa kuwa imemilikiwa na kampuni ya dawa ya Bayer tangu zamani. Kuzuia pesa mpya, bila kugusa ya zamani, kunamlinda aliyekuwa tajiri tayari.

Hapo ndipo ninapotofautiana na sheria za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, pia, ingawa sizikatai zote. Kanuni za nidhamu ya fedha zilizoanza kutumika 2011 ziliokoa klabu nyingi. Mwaka huo klabu za madaraja ya juu Ulaya zilipata hasara ya jumla ya karibu euro bilioni 1.7, kufikia 2017 kwa jumla zilikuwa na faida. Mtu aliyeona Parma ikifilisika 2015 na kuanzia daraja la nne, au Bury ikifukuzwa kwenye ligi ya England 2019 baada ya zaidi ya miaka 120 humo, hawezi kusema nidhamu ya fedha ni upuuzi. Lakini kanuni mpya inasema klabu itumie kwenye mishahara, ada za uhamisho na mawakala si zaidi ya asilimia 70 ya mapato yake. Asilimia 70 ya klabu yenye milioni 600 ni milioni 420. Asilimia 70 ya klabu yenye milioni 60 ni milioni 42. Wote wametii sheria, na pengo limepigwa muhuri. Newcastle, yenye mmiliki tajiri kuliko karibu wote duniani, ililazimika kuwauza vijana wawili, Elliot Anderson na Yankuba Minteh, Juni 2024 ili isivunje kanuni za Ligi Kuu kuhusu hasara, kwa sababu mapato yake hayajafikia ya Arsenal au United.

Njia ya kuliziba pengo hilo ilipendekezwa England kwenyewe: kuweka dari kwa kiasi, si kwa asilimia, ili hata tajiri kuliko wote asitumie zaidi ya mara tano ya pesa ya televisheni anayopata wa mwisho. Novemba 2025 klabu za Ligi Kuu zilipiga kura. Zilipitisha kanuni ya asilimia 85 ya mapato na zikaikataa dari. Hoja ya waliokataa haikuwa dhaifu: dari ingewafunga mikono wao peke yao huku Real Madrid na PSG wakiwa huru. Ndiyo maana naamini dari haiwezi kuwekwa na ligi moja. Ikiwekwa, iwekwe kwa Ulaya nzima, au isiwekwe.

UEFA inao uwezo wa kuanza na kitu kilichoko mkononi mwake tayari, nacho ni mgawo wa pesa za mashindano yake. Kwa mzunguko wa 2024 hadi 2027, kila timu kati ya 36 za Ligi ya Mabingwa inapata euro milioni 18.6 kwa kuingia tu. Kiasi hicho Liverpool haikihisi. Kwa klabu ya nchi ndogo ni zilzala. Ludogorets ya Bulgaria ilitwaa ubingwa mara 14 mfululizo hadi 2025, ikijazwa nguvu miaka yote hiyo na mwekezaji wake pamoja na pesa za mashindano ya Ulaya ambazo wapinzani wake hawakuzipata. Salzburg, yenye pesa za Red Bull na za Ulaya, ilitwaa kumi mfululizo Austria hadi 2023. Pesa inayotoka juu, ikidondoka kwa mmoja, inaua ligi nzima ya chini. Wakati huo asilimia 35 ya fungu la Ligi ya Mabingwa inafuata thamani ya soko la televisheni na rekodi ya klabu ya miaka iliyopita, yaani mwenye nacho anaongezewa, na klabu zisizocheza mashindano ya Ulaya, kwa mamia yao, zinatengewa asilimia 7 ya mapato ya jumla.

Ningependa kuona namba hizo mbili zikisogeleana mzunguko wa sasa utakapoisha 2027: fungu la thamani likatwe nusu, na kinachokatwa kiende kwa klabu zilizobaki nyumbani, ili Levski au CSKA Sofia wapate cha kumkabili Ludogorets, na Genk apate cha kumbakiza Samatta wake anayefuata hadi mwisho wa msimu. Wakubwa watatishia kuondoka. Walishafanya hivyo Aprili 18, 2021, klabu 12 zilipotangaza Super League, ligi yao wenyewe ya kujitenga, sita za England, tatu za Hispania, tatu za Italia. Ndani ya siku mbili zote sita za England zilikuwa zimejitoa, zikiwa zimezomewa na mashabiki wao wenyewe nje ya viwanja vyao. Mashabiki wale hawakuwa wa Genk wala wa Ludogorets. Walikuwa wa Chelsea, Liverpool na Arsenal, watu ambao timu zao zingenufaika kuliko zote, na walikataa. UEFA ikiingia kwenye mazungumzo ya mgawo mpya, ina nguvu zaidi kuliko inavyojionyesha, kwa sababu wakubwa wanajua hawana mashabiki wa kuondoka nao.